Kumtumia ndugu risasi katika jimbo jingine la Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani kihalali, wanaomiliki silaha kwa ajili ya uwindaji, mazoezi ya shabaha au ulinzi wa nyumba, na ambao siku moja hujikuta na makasha ya risasi wasiyoyahitaji, ilhali shemeji au binamu yao wa jimbo jingine anayatafuta. Sheria inayohusika haikukaa mahali pamoja. Sehemu yake imo katika sheria za shirikisho, sehemu katika kanuni za usafirishaji wa bidhaa hatarishi, sehemu katika masharti ya kampuni za vifurushi, na sehemu inayowaponza watu wengi imo katika sheria za jimbo analoishi mpokeaji. Majibu haya hayachukui nafasi ya wakili.

Je, sheria ya shirikisho inaniruhusu kumtumia ndugu yangu risasi?

Inaruhusu, maadamu wewe na yeye hammo katika orodha ya watu waliokatazwa kuwa na silaha, na maadamu mzigo unapita katika njia inayokubalika. Wengi hushangaa kusikia hivyo kwa sababu wanakumbuka zuio la zamani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 22 Oktoba 1968, iliwazuia wafanyabiashara wenye leseni kupeleka silaha na risasi kwa wateja binafsi wa majimbo mengine. Tarehe 19 Mei 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ya kuwalinda wamiliki wa silaha, na kwa sheria hiyo zuio la risasi liliondolewa huku la bunduki na bastola likibaki. Ndiyo maana leo duka la Texas linaweza kumpelekea mteja wa Ohio katoni ya risasi hadi mlangoni, lakini haliwezi kumpelekea bastola kwa namna hiyohiyo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ruhusa hii haitokani na undugu. Katika sheria ya shirikisho ndugu ni mtu baki kama mwingine yeyote, na kile usichoruhusiwa kumpa jirani huruhusiwi kumpa kaka yako pia.

Sheria inaposema risasi, inamaanisha nini hasa?

Kiswahili chetu hutumia neno moja kwa vitu viwili: risasi nzima iliyo tayari kufyatuliwa, na kile kichwa cha chuma kinachoruka. Sheria ya shirikisho inapozungumzia watu waliokatazwa hujumuisha vyote: risasi nzima, ganda, kiwashio kilichoko kitakoni mwa ganda, kichwa, na baruti, ilimradi vimetengenezwa kwa ajili ya silaha ya moto. Hivyo mtu aliyekatazwa hawezi kujitetea kwa kusema kwamba alipokea maganda matupu tu. Kanuni za posta na za usafirishaji, kwa upande wao, huvitofautisha vitu hivi kwa sababu kinachowahangaisha wasafirishaji ni kitu kinachoweza kuwaka au kulipuka njiani.

Je, ninaweza kutumia posta?

Hapana. Kanuni za Posta ya Marekani zinakataza kutuma risasi nzima, viwashio na baruti, iwe ndani ya nchi au kwenda nje, na hakuna kibali ambacho mtu binafsi anaweza kukiomba dirishani ili aruhusiwe. Kuziita «vifaa vya uwindaji» kwenye fomu hakubadilishi chochote, ila kunaongeza kosa la maelezo ya uongo juu ya kosa la kwanza. Vinavyopita posta ni vichwa vya risasi visivyo na baruti na maganda yasiyo na kiwashio, kwa kuwa hivyo ni vipande vya chuma tu. Ganda lililokwisha kufyatuliwa likawekewa kiwashio kipya linarudi upande wa vilivyokatazwa.

Basi nitumie kampuni binafsi ya vifurushi?

Hiyo ndiyo njia iliyobaki, lakini si nyepesi kama inavyosimuliwa na watu waliotuma miaka kumi iliyopita. Kampuni kubwa kama UPS na FedEx zina masharti yao, ambayo mara nyingi ni makali kuliko sheria yenyewe, na huyabadilisha bila kumsubiri mtu. Unayopaswa kuyauliza kabla ya kufunga katoni ni haya: kama kampuni inapokea risasi kutoka kwa mtu binafsi au ni kwa wateja wenye akaunti na mkataba wa bidhaa hatarishi pekee, ni kituo gani hasa kinachopokea, na kama wanapeleka kwenye anwani ya makazi katika jimbo la ndugu yako. Vile viduka vya mtaani vinavyopokea vifurushi kwa niaba ya kampuni hizo kwa kawaida havipokei bidhaa hatarishi hata kama nembo iliyo mlangoni ni ileile. Kwa hiyo jibu la mhudumu wa kiduka si jibu la kampuni, na kukubaliwa na mhudumu asiyejua kanuni hakukulindi.

Kampuni ikikataa, umefika mwisho wa njia hiyo. Kuficha kilichomo ili mzigo upite ni kosa la jinai, na ndilo kosa linalowaingiza matatani watu ambao mzigo wao, kama wangeueleza kwa uwazi, pengine ungepokelewa kwingine.

Nimesikia kuhusu taarifa ya maandishi. Ni nini?

Sheria ya shirikisho inamtaka mtu anayekabidhi kwa msafirishaji kifurushi chenye silaha au risasi, kinachovuka mpaka wa jimbo kwenda kwa mtu asiye na leseni ya biashara hiyo, ampe msafirishaji taarifa kwa maandishi kwamba ndani mna kitu hicho. Ndugu yako, isipokuwa awe mfanyabiashara mwenye leseni ya shirikisho, ni mtu asiye na leseni, kwa hiyo sharti hili linakuhusu moja kwa moja. Kusema kwa mdomo hakutoshi. Karatasi fupi yenye tarehe, jina la mtumaji na la mpokeaji, na sentensi inayotaja risasi zilizomo inatosha, nami ningeshauri ubaki na nakala iliyopokelewa kwa saini. Kukiuka sharti hili kwa makusudi kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5, jambo ambalo ni ghali mno kwa karatasi isiyozidi mistari minne.

Risasi zinafungashwaje?

Kanuni za usafirishaji zinaziweka risasi za kawaida za bastola, bunduki na marisau katika kundi jepesi la vilipuzi, na zinaruhusu zisafirishwe kwa njia ya nchi kavu chini ya utaratibu wa bidhaa hatarishi za kiasi kidogo. Risasi za bastola na bunduki zinazoingia humo ni zile ambazo kipenyo chake hakizidi milimita 12.7. Zinapaswa kuwa ndani ya visanduku vyake, zimetenganishwa kwa vigawanyio vinavyozibana au kushikwa kwa klipu za chuma, ili kiwashio cha moja kisigongwe na nyingine. Visanduku hivyo huingia katika katoni imara ya nje, na uzito wa jumla wa katoni moja hauruhusiwi kuzidi kilo 30. Kusema kweli, visanduku vya kiwandani ambavyo havijafunguliwa vinakuondolea sehemu kubwa ya kazi, ilhali risasi zilizomwagwa ovyo katika kopo la bati ni kukataliwa kunakosubiri kutokea.

Juu ya katoni huwekwa alama ya umbo la almasi, nyeusi pembe ya juu na pembe ya chini, nyeupe katikati. Alama ya zamani yenye herufi ORM-D, ambayo bado inaonekana kwenye katoni zilizolala gereji, ilikoma kukubalika mwisho wa mwaka 2020. Ukitumia tena katoni ya aina hiyo, ifute au ifunike kabisa. Alama ya almasi yenye herufi Y katikati ni ya usafiri wa anga na haihusiki hapa. Kwa sababu utaratibu huu ni wa nchi kavu, kumtumia ndugu aliyeko Alaska au Hawaii ni shughuli nyingine, na kwa mtu binafsi mara nyingi haiwezekani.

Kabla hujaanza, pima uzito. Risasi 1,000 za bastola za milimita 9 hufika takriban kilo 12, na nauli ya uzito huo kuvuka nchi inaweza kumeza faida yote ya kutuma.

Ni nani hasa asiyeruhusiwa kupokea?

Orodha ya shirikisho inawataja, miongoni mwa wengine, mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka 1, hata kama yeye mwenyewe hakufungwa siku moja. Mtoro anayetafutwa na sheria. Mtumiaji haramu wa dawa zinazodhibitiwa. Mtu aliyelazimishwa na mamlaka kulazwa kwa sababu ya maradhi ya akili. Aliyefukuzwa jeshini kwa fedheha. Aliye chini ya aina fulani za amri za mahakama za kumlinda mwenza. Na aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani, hata kwa kosa dogo. Kipengele hiki cha mwisho kiliongezwa mwaka 1996, na kile cha amri za mahakama kilithibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwezi Juni 2024 katika shauri la Rahimi.

Wewe mtumaji unatenda kosa ikiwa unajua, au una sababu ya kutosha ya kuamini, kwamba unayempelekea yumo katika orodha hiyo. Tangu marekebisho ya Juni 2022 adhabu ya juu ni kifungo cha miaka 15. Hapa undugu unageuka mzigo badala ya msaada. Muuzaji wa dukani anaweza kusema hakujua kwamba mteja wake alifungwa mwaka fulani au anatumia dawa za kulevya. Wewe uliyekwenda kumlaki siku alipotoka gerezani, au uliyekaa katika kikao cha familia kusuluhisha ndoa yake, utasemaje? Kuhusu bangi, kumbuka kwamba ruhusa ya jimbo haifuti kipengele cha shirikisho.

Mpokeaji hana tatizo, lakini anaishi nyumba moja na mtu aliyekatazwa. Itakuwaje?

Swali hili lina uzito kwetu kwa sababu nyumba zetu hujaa ndugu. Mtu anaweza kuhesabika kuwa na risasi ingawa hazimo mkononi mwake, maadamu anajua zilipo na ana uwezo na nia ya kuzitawala. Mpokeaji anapaswa kuzifungia mahali ambapo yeye peke yake ana ufunguo. Iwapo hawezi, usitume.

Ndugu yangu hana uraia. Je, anaruhusiwa?

Mwenye ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani, hazuiwi na sheria ya shirikisho kwa sababu ya kutokuwa raia, na ndivyo ilivyo pia kwa mtu aliyepokewa rasmi kama mkimbizi, wakiwemo Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili. Anayezuiwa ni aliyeko nchini kinyume cha sheria, pamoja na aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya mwanafunzi au ya matembezi. Wenye viza ya muda wana misamaha michache, na unaojulikana zaidi ni wa mtu mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote. Mwanafunzi anayetaka kutegemea msamaha huo aanze kwa wakili wa uhamiaji, kwa kuwa kosa la risasi linaweza kumfukuzisha nchini hata pale ambapo kwa raia lingeisha kwa adhabu ndogo.

Majimbo yapi yana masharti yake?

Majimbo mengi hayaongezi kitu kikubwa juu ya sheria ya shirikisho. Yaliyoongeza, yameongeza kwa namna zinazotofautiana, na mtumaji anapaswa kusoma sheria ya jimbo la mpokeaji, si ya kwake tu.

Illinois inamtaka mkazi awe na kadi ya jimbo iitwayo FOID ili awe na risasi, na anayenunua kutoka nje ya jimbo hutuma kwanza nakala ya kadi hiyo. Wewe pia idai kabla ya kutuma. Massachusetts inataka kibali cha silaha au kadi ya utambulisho wa silaha. Connecticut, tangu Oktoba 2013, inataka kibali cha silaha au cheti maalumu cha risasi. New Jersey hudai hati ya utambulisho kwa risasi za bastola, na ina masharti yake juu ya risasi zenye tundu kichwani, ambazo mkazi anaweza kuwa nazo nyumbani lakini hawezi kutembea nazo apendavyo. New York ilianza kuchunguza kumbukumbu za wanunuzi wa risasi, kuona kama wamekatazwa, tarehe 13 Septemba 2023, na jiji la New York lina kanuni zake kali zaidi, kwa hiyo risasi ambayo ni halali kaskazini mwa jimbo yaweza kuwa kosa Bronx.

Na California?

California inastahili jibu lake peke yake. Wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha Hoja namba 63 mwezi Novemba 2016, na tangu tarehe 1 Julai 2019 kila anayenunua risasi huchunguzwa kwanza kumbukumbu zake. Kwa kanuni ya jumla, risasi zinazomfikia mkazi kutoka nje ya jimbo lazima zipitie kwa muuzaji mwenye leseni ya risasi, naye atatoza ada ya kuzipokea na kumkabidhi mwenyewe baada ya uchunguzi huo. Mfumo huo umepingwa mahakamani kwa miaka kadhaa na hukumu zake zimekuwa zikipanda na kushuka, hivyo anayetaka kutuma aangalie hali ilivyo wiki hiyohiyo.

Ndani ya kanuni hiyo mna msamaha wa familia, na ndipo wasomaji wetu wanapojikwaa. Sisi tunaposema ndugu tunamaanisha kaka, dada, mtoto wa ami, mtoto wa mama mdogo, pengine hata mtu tuliyetoka naye kijiji kimoja. Sheria ya California inaposema familia ya karibu inamaanisha mzazi na mtoto, babu au bibi na mjukuu, basi. Mume na mke, pamoja na wenza waliosajiliwa, wametajwa kando. Kaka na dada wa tumbo moja hawamo. Baba aliyeko Arizona anaweza kumpa mwanawe wa Fresno kasha la risasi chini ya msamaha huo, lakini kaka yake mkubwa hawezi, ingawa katika mila zetu ndiye anayesimama mahali pa baba. Na hata kwa baba, kampuni ya vifurushi inaweza kukataa kupeleka California kwa anwani isiyo ya muuzaji mwenye leseni, kwa hiyo msamaha wa sheria usiuhesabu kama tiketi ya usafiri.

Kuna umri wa chini?

Muuzaji mwenye leseni hawezi kumuuzia risasi za bunduki ndefu mtu aliye chini ya miaka 18, wala za bastola aliye chini ya miaka 21. Mtu binafsi naye amekatazwa kumpa aliye chini ya miaka 18 risasi zinazofaa bastola pekee, isipokuwa katika mazingira machache kama uwindaji au mafunzo, kwa ridhaa ya maandishi ya mzazi. Kwa kijana wa umri huo, mtumie mzazi wake.

Hivi hakuna njia rahisi zaidi?

Ipo, nami naipendekeza kwa watu tisa kati ya kumi. Agiza risasi kutoka kwa duka la mtandaoni lenye leseni na uliombe lizipeleke moja kwa moja kwa ndugu yako, au mtumie fedha anunue dukani kwao. Duka lina mkataba na msafirishaji, linajua jimbo gani linadai hati gani, na likikosea, kosa si lako. Ukimnunulia kama zawadi hakuna kosa, ilimradi hamo katika orodha ya waliokatazwa tuliyoitaja. Kuwa wewe ndiye uliyelipa hakubadilishi uhalali wake wa kupokea. Kutuma mwenyewe kuna maana pale tu ambapo risasi ni za aina adimu isiyopatikana madukani, au ni za familia.

Je, ninaweza kuzibeba mwenyewe nikienda kumtembelea?

Kwa gari ndiyo njia yenye maswali machache. Ziweke kwenye buti, zikiwa zimefungwa, mbali na silaha na mbali na mkono wa dereva, na uangalie sheria za majimbo utakayopita, si la mwisho tu. Kwa ndege, risasi haziruhusiwi kamwe katika begi la mkononi. Huwekwa katika begi linalokabidhiwa kaunta, ndani ya visanduku vya karatasi ngumu, mbao au chuma vilivyokusudiwa kubebea risasi, na hutangazwa kwa mhudumu wa shirika la ndege. Mashirika mengi huweka kikomo cha kilo 5 kwa abiria. Risasi moja iliyosahaulika katika mfuko wa koti la kuwindia inatosha kukukosesha safari, kwa hiyo kagua mifuko yote usiku wa kuamkia safari.

Marehemu baba yetu aliacha bunduki na risasi. Tunazigawaje kati ya watoto wa majimbo tofauti?

Bunduki zina msamaha wa mirathi: aliyeachiwa kwa wasia au kwa sheria ya urithi anaweza kuipokea kutoka jimbo jingine bila kupitia kwa mfanyabiashara mwenye leseni, mradi sheria ya jimbo lake inamruhusu kuwa nayo. Nje ya mirathi, bunduki inayovuka mpaka wa jimbo hupitia kwa mwenye leseni katika jimbo la mpokeaji. Risasi hazihitaji msamaha huo wa shirikisho, lakini zinafuata yote tuliyoyaeleza hapo juu. Msichanganye bunduki na risasi katika katoni moja, wasafirishaji hawakubali. Risasi zilizoota kutu, zilizolowa au zisizo na alama zinazosomeka zisitumwe kabisa. Piga simu ofisi ya polisi au uwanja wa shabaha wa karibu uulize kama wanazipokea kwa ajili ya kuziharibu.

Na risasi nilizojaza mwenyewe nyumbani?

Kujaza maganda kwa matumizi yako hakuhitaji leseni, ila kutengeneza kwa ajili ya kuuza kama biashara kunahitaji. Zawadi ndogo kwa ndugu si biashara. Hata hivyo nisingetuma: msafirishaji hana namna ya kujua ulizijaza vipi, na baruti iliyozidi kipimo inaweza kupasua bunduki mikononi mwa mtu unayempenda.

Ninaweza kumtumia ndugu aliyeko Kenya, Tanzania au Kanada?

Hapo si suala la majimbo tena, ni kusafirisha bidhaa nje ya nchi. Risasi za kawaida ziko chini ya udhibiti wa mauzo ya nje wa Wizara ya Biashara ya Marekani tangu Machi 2020, na mtu binafsi anayeweka kasha katika pipa au kontena la mizigo ya nyumbani linalokwenda Mombasa au Dar es Salaam bila leseni anavunja sheria ya Marekani kabla meli haijang'oa nanga. Mzigo ukifika upande wa pili, Kenya ina Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Zote mbili zinataka kibali, na atakayeulizwa ni yule ndugu aliyekwenda bandarini kuupokea mzigo.